Mtu kaposti matusi kuhusu mashoga: umjibu hadharani, umfuate inboksi, uripoti, uende polisi au umshike mkono aliyetukanwa?

Hii naiandika kwa ajili yako wewe ambaye umefungua grupu asubuhi ukakuta mtu kaweka picha ya kijana wa watu na maneno "hili shoga lichomwe", chini kuna vicheko arobaini, roho inakuuma, kidole kiko tayari na hujui uanzie wapi. Mimi nina kiofisi cha steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, watu wananiletea simu niwaprintie vitu, kwa hiyo naona mengi kuliko ninavyotaka kuona, na nimeshafanya karibu yote nitakayoyalinganisha hapa, mengine vizuri na moja vibaya sana.

Sipo hapa kukubadilisha imani yako. Unaweza ukawa mlokole wa Uyole au muumini wa msikiti wowote na bado ukaona kwamba kumtishia mtu kifo kwenye simu si sawa. Kama umefika hapo inatosha, tuendelee.

Vigezo kwanza, manake watu wengi wanachagua njia kwa hasira halafu wanakuja kujuta.

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndo kinabeba vyote: yule anayetukanwa atabaki na nini baada ya wewe kufanya ulichofanya? Hapa kwetu Tanzania hii sio ishu ya kuumia moyo tu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 30 mpaka maisha kwa tendo la "kinyume cha maumbile". Kinahusu tendo, hakihusu mtu alivyo wala anavyotembea wala anavyoongea, ila mtaani nani anatofautisha? Kwa hiyo picha ya mtu ikizunguka na neno hilo anaweza kupoteza chumba, kazi, ndugu, anaweza kupigwa au kukamatwa. Cha pili, wewe mwenyewe unahatarisha nini. Cha tatu, wale wanaosoma kimyakimya wanabaki na nini, kwa sababu kwenye grupu la watu 150 wanaoandika ni kumi, waliobaki wanasoma, na kati ya hao yupo ambaye yanamhusu na hajawahi kumwambia mtu. Cha nne ni muda na nguvu. Njia zote tano nitazipitisha humo humo.

Kujibu hadharani

Anayetukanwa: hapa inategemea kitu kimoja tu, je posti inamtaja mtu au inaongelea mashoga kwa ujumla? Kama ni kwa ujumla, jibu la hadharani linasaidia sana. Kama kuna picha au jina, jibu lako linaweza kuwa kuni. Facebook na TikTok komenti ikiwa nyingi posti inasukumwa kwa watu zaidi, mtandao haujui kwamba wewe umeandika kwa uchungu na yule kaandika kwa chuki, wenyewe unahesabu tu. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru hapa ni mwenye peji anayetafuta watazamaji.

Nitasema langu. Miaka miwili iliyopita kwenye grupu la tuliosoma pamoja mtu aliweka picha ya fundi simu mmoja wa Kabwe, kijana mpole, na maneno ambayo sitayarudia. Nilipandwa na hasira nikaandika, yaani niliandika meseji ndefu kama barua ya kanisani, nikawajibu mmoja mmoja mpaka saa sita usiku, nikajiona nimewashinda. Kesho yake ile mabishano yote ilikuwa imeshachukuliwa skrinshoti na picha ikiwa juu, imefika grupu la mtaa, na kwenye grupu la mtaa yupo mama mwenye nyumba wake. Jumapili alipewa wiki moja ya kuhama. Nilimfuata kumwomba msamaha anafunga virago, akaniambia, "Dada, najua ulitaka kunisaidia. Ila ungeniuliza kwanza." Alienda Tunduma. Hakuwa amesema kwa ubaya, na ndo maana inaniuma mpaka leo.

Wewe: jiandae kuambiwa na wewe umo. Kwa mwalimu, nesi, mtumishi wa serikali au anayeishi kwa shemeji, hilo neno lina uzito, usijidanganye kwamba utalipuuza.

Wanaosoma: hapa ndo nguvu ya njia hii ilipo. Kijana wa miaka 17 pale Kihesa, Iringa, akiona mtu mzima mmoja, mmoja tu, ameandika "jamani kuua sio utani", anajua hayuko peke yake duniani. Kwa hiyo usimwandikie mtukanaji, mwandikie huyo. Fupi, mara moja, halafu unatoka. Na uwe na vitu vya kweli mkononi. Wakisema ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Wakisema ni mambo ya wazungu, kumbusha kwamba Kanuni ya Adhabu yenyewe tuliletewa na Waingereza mwaka 1930. (Na neno shoga lenyewe, Pwani mwanamke anamwita rafiki yake wa damdam "shoga yangu" tangu enzi, sisi huku juu ndo tumelipokea likiwa tusi.) Wakisema serikali imeagiza watu wasakwe, wanakumbuka tangazo la mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam la mwisho wa Oktoba 2018, ila wanasahau kwamba tarehe 4 Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa ikasema yale yalikuwa mawazo yake binafsi na sio msimamo wa serikali. Wakileta maandiko, usibishane maandiko, hutoki leo. Uliza tu nani kati yetu humu yuko tayari kumshikia kiberiti mtoto wa jirani yake. Grupu huwa linapoa.

Muda: unakula, usipojiwekea mpaka. Mimi siku hizi najibu mara moja, nazima data.

Inamfaa mtu mwenye heshima kwenye grupu hilo, mzee wa mtaa, mama wa kikoba, admini, mtu ambaye akiongea wanasita.

Kumfuata inboksi

Hii watu wanaidharau, wanaona kama uoga. Mimi naona ndo inayobadilisha watu, japo polepole na sio watu wote.

Baba yangu mdogo yuko Tukuyu, kwenye grupu la ukoo alikuwa anatuma zile sauti zinazosambazwa, mtu anafoka dakika nane kwamba mashoga wanakusanya watoto. Grupu la ukoo huwezi kumjibu mdogo wake baba mbele ya shangazi na wajukuu, ukifanya hivyo mada inageuka kuwa adabu yako. Nilimpigia jioni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, vipi huko Mbeya, mnanyeshewa?"

Tukaongea mvua, tukaongea ndizi, ndipo nikamwambia, baba ile sauti ya jana mimi imeniogopesha, manake humu kwenye ukoo wetu tuko watu zaidi ya sitini, unajuaje kama hamna mtoto wetu ambaye yuko hivyo na amesikia baba yake anasema achomwe? Akanyamaza. Akasema, "Humu kwetu?" Nikasema mimi sijui baba, na wewe hujui, ndo maana nakuuliza. Hakuniambia umenishinda wala nini, alisema tu Mungu atusaidie. Ila sauti za namna ile hajatuma tena, na mwezi uliofuata mtu mwingine alipotuma yeye ndo aliandika "hapa ni pa mambo ya ukoo."

Anayetukanwa: hapati kitu mara moja, ila hazidishiwi kelele, na ukimwomba aliyeposti afute, mara nyingi anafuta akiombwa kwa siri kuliko akiaibishwa. Wewe: hatari ndogo kwa mtu unayemjua. Kwa usiyemjua ni kinyume chake, namba yako na picha yako anazo, anaweza kukupiga skrinshoti akakupeleka mbele ya watu, usimfuate mtu usiyemjua. Wanaosoma: hawaoni chochote, hilo ndo pengo lake, yule wa miaka 17 anaona tusi na anaona kimya. Muda: mwingi, kwa mtu mmoja.

Inamfaa ndugu, rafiki wa zamani, mtu mnayesali naye. Sema "imeniogopesha", usiseme "umekosea". Sisi Wanyakyusa ukimwambia mkubwa amekosea umeshamaliza maongezi.

Kuripoti kwa mtandao au kwa admini

Anayetukanwa: ikifanikiwa, hii ndo inayoondoa picha bila kelele. Na aliyeposti hajui nani kamripoti.

Ila lazima ujue unaripoti nini, la sivyo unajibiwa "haijakiuka". Facebook na Instagram, Januari 2025 kampuni ya Meta ililegeza kanuni zake, sasa mtu akiandika mashoga ni wagonjwa wa akili wanaliacha. Iliniuma sana kusoma hilo. Ambacho bado kinakatazwa ni kutishia vurugu, kufananisha watu na wadudu, na kumuanika mtu kwamba ni shoga mahali ambapo kuanikwa kunamweka hatarini. Kwa hiyo kama kuna tishio, chagua sehemu ya vitisho na vurugu, usichague tu "sijapenda". Kama kuna picha na namba ya mtu, chagua faragha na unyanyasaji. TikTok nao wanakataza chuki kwa ajili ya jinsia ya mtu unayempenda. X (ile Twitter ya zamani) ilifungwa hapa nchini Mei 2025, kwa hiyo huko sitapaongelea.

Shida nyingine ni lugha. Mafumbo ya Mbeya mashine haiyaelewi, mtu anaandika "huyu apelekwe machinjioni", kwetu tumeelewa, huko waliko wanaona habari ya ng'ombe. Kama una nafasi ya kuandika maelezo, eleza kwa sentensi moja maana yake.

WhatsApp ni tofauti, kule hamna mtu anayeangalia grupu lenu. Ukiripoti mtu wanapelekewa meseji zake tano za mwisho basi. Nguvu iko kwa admini, tangu 2022 anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwa wote. Kwa hiyo kabla ya kujibu chochote mfuate admini pembeni, "Kaka samahani, ile picha inaweza kumletea mtu matatizo na grupu letu likahusishwa, naomba uifute." Hilo la grupu kuhusishwa linawaamsha haraka kuliko huruma, nasikitika kusema hivyo lakini ndo nilivyoona.

Wewe: hatari karibu haipo. Wanaosoma: wanaona kitu kimetoweka, hawajui kwa nini. Muda: dakika tano, ila matokeo huwezi kuyapangia.

Inamfaa kila mtu, hata aliye kwenye mazingira mabaya kabisa. Ila piga skrinshoti kwanza, kikifutwa na ushahidi umeenda.

Polisi na sheria

Hapa niwe mkweli kwa sababu watu wanashauriwa ovyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo, adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Kwenye karatasi inakulinda wewe na mimi na yeyote. Vile vifungu vya chuki kwenye sheria hiyohiyo vinataja rangi, kabila, asili, dini, mapenzi ya jinsia moja hayamo.

Anayetukanwa: anaweza kuingia mlangoni kama mlalamikaji na maswali yakamgeukia yeye, "kwani ni kweli?" Kumbukeni Oktoba 2017 Dar, watu walikuwa kwenye kikao cha kuzungumzia kesi ya mahakamani, mawakili kwa wanaharakati wakakamatwa wote, wale wa Afrika Kusini wakarudishwa kwao. Kwa hiyo usimpeleke mtu kituoni bila yeye kutaka, na bila kuongea kwanza na wakili au msaidizi wa kisheria anayeaminika, na kabla hajaenda simu yake ajue ina nini ndani.

Kuna mahali inafaa lakini. Moja, wewe unayetetea ukitishiwa, wewe sio mtuhumiwa wa kifungu cha 154, una meseji na namba, nenda. Mbili, kuombwa hela. Nimeprintia mtu meseji za "tuma laki mbili la sivyo tunakurusha kwenye peji", huo ni wizi wa vitisho, na malalamiko yanaweza kuandikwa hivyo hivyo bila kueleza maisha yako ya chumbani. Tatu, mtu kutangaza kabisa mahali na saa ya kumfuata mtu. Meseji zinapokelewa kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu, ila tunza na simu yenyewe, usije na karatasi zangu za steshenari peke yake.

Wanaosoma: kesi ikishinda wanaogopa, kweli. Ila angalieni Uganda. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilitoa picha na majina ya watu likitaka wanyongwe, David Kato na wenzake wakaenda mahakamani, mapema Januari 2011 wakashinda, tarehe 26 mwezi huohuo Kato akauawa nyumbani kwake. Sababu ya mauaji watu wanaibishania mpaka leo, ila hukumu haikuzitoa zile picha kwenye macho ya watu. Muda: miezi, nauli, kurudi kesho kutwa.

Kumfuata aliyetukanwa

Nimeiweka mwisho ila ndo ya kwanza ambayo ningeifanya mwaka ule.

Anayetukanwa: anapata kitu hapohapo. Unampigia, hujadili mambo yake, humuulizi kama ni kweli. Unamwambia nimeona, pole, unataka nifanye nini? Basi hilo swali. Mwingine atasema nijibie, mwingine atasema usiguse kabisa, mwingine atasema naomba nilale kwako siku mbili, na hizi baridi zetu za Julai mtu akifukuzwa saa tatu usiku sio jambo dogo. Unaweza kumtunzia skrinshoti zenye tarehe na majina ya waliosambaza, ili yeye asilazimike kuzisoma tena na tena.

Wewe: hatari ipo ukionekana mko pamoja, pangeni. Wanaosoma: hawaoni. Muda: unaweza kuwa usiku mmoja, unaweza kuwa mwezi.

Inamfaa mtu yeyote mwenye simu na moyo, hata yule asiyeweza kubishana, hata yule ambaye bado hajaamua anafikiri nini kuhusu mashoga. Mama mmoja jirani yangu, mwana kwaya, alimpelekea kijana aliyesemwa makande kwenye hotpoti akarudi zake bila kuongea lolote. Yule kijana aliniambia hicho ndo kilimfanya asimeze vidonge usiku ule.

Sasa hali yako ni ipi?

Posti inaongelea mashoga kwa ujumla, hamna jina: jibu hadharani, mara moja, kwa ajili ya wanaosoma. Kama huwezi kwa sababu ya kazi au nyumbani, ripoti na ukae kimya bila kujilaumu.

Kuna picha au jina: usijibu kabisa mpaka umeongea na mwenyewe. Kama humjui, skrinshoti, admini, ripoti, kwa mpangilio huo. Usisambaze hata kwa kusema "jamani oneni unyama huu". Kama lazima umwonyeshe mtu wa kusaidia, funika sura na namba.

Mtukanaji ni baba, shangazi, mchungaji wako: inboksi au simu, na salamu kwanza. Mtukanaji ni peji ya watu usiowajua yenye wafuasi maelfu: ripoti tu, usiwape komenti.

Wewe ni admini wa grupu: una nguvu kuliko wote niliowataja. Futa, halafu andika sentensi moja, "picha za watu na vitisho humu hapana". Usifungue mjadala wa nani anakubaliana.

Kuna mahali, saa au pesa imetajwa: hapo sio matusi tena. Hakikisha kwanza mtu yuko mahali salama, halafu wakili, halafu kituo.

Na kama anayetukanwa ni wewe unayesoma hapa: usijibu usiku huo. Badilisha picha ya profaili, funga akaunti zionekane na marafiki tu, toka kwenye grupu kesho yake sio leo, manake ukitoka leo huwezi kuona nani anapanga nini. Mwombe mtu mmoja abaki humo akutunzie skrinshoti. Mtafute mwenye kitanda cha ziada mji mwingine, Iringa, Makambako, popote, umwambie nitakuja nikikwama, hata kama hutaenda. Na ukianza kuwaza kujidhuru usikae peke yako chumbani, toka, nenda kwa yule mmoja unayemwamini, gonga hata kama ni saa nane usiku.